Mstari wa Masale

Neno lililonirudisha mwaka ule ni dhamana. Ilikuwa siku ya pili ya msiba wa mama mkwe wangu, nyumbani Masama, nami nilikuwa jikoni na wanawake wa usharika tukimenya ndizi, vidole vimekwisha kuwa vyeusi kwa utomvu. Dirisha la jiko lile linatazama baraza, na barazani walikuwa wamekaa mume wangu, Kundaeli, na mwanetu Godlisten aliyefika jana yake kutoka Arusha. Walikuwa wakiongea kwa sauti ya chini, sauti ya msibani, na mimi sikuwa nasikiliza mpaka Godlisten alipoanza kueleza mpango wake wa kujenga mjini Moshi nyumba za kupangisha wageni kwa siku, kila moja na jiko lake na bafu lake. "Benki wameshanikubalia, mzee," alisema. "Kilichobaki ni dhamana tu. Nikawa nafikiria kile kipande cha kihamba cha chini. Si kimekaa tu?" Kisu kikanitoka mkononi kikaangukia kwenye beseni. Mama mmoja akaniuliza kama nimejikata. Nikamwambia ni baridi, na kweli vidole vilikuwa vimepoa, ila haikuwa baridi ya Masama.

Sikumlaumu mwanangu hata kidogo. Ni mtu mzima, anajua mahesabu kunishinda, na alichosema kilikuwa kitu cha akili. Hakujua tu kwamba kile kipande cha shamba hakijawahi kukaa tu. Mwaka aliozaliwa yeye kilikuwa mikononi mwa benki, na mimi nililala na kuamka nikisubiri kuambiwa kimekwenda. Watu hutusifu, mimi na Kunda, kwamba tulijenga mapema. Wanaona safu ya vyumba, wanaona geti, wanaona kwamba watoto walisoma. Hakuna aliyewahi kuniuliza niliogopa kiasi gani. Ningeulizwa ningesema kwamba mwaka ule niliogopa mpaka nikazoea, kisha nikaanza kuogopa huko kuzoea kwenyewe. Hadi leo mwezi ukifika ukingoni nahesabu fedha zilizomo ndani, na deni lile lilikwisha zamani sana.

Kunda alikuwa dereva wa watalii, mimi nilikuwa nashona nguo kwenye kibaraza cha duka la mtu, na kwa akiba zetu tulikuwa tumeinua kuta za vyumba vya kupangisha kwenye kiwanja chetu pembeni mwa mji. Kuta zilipofika juu ya madirisha fedha ikakata. Kila tulipopita pale tuliona matofali yakinyeshewa na majani yakiota mahali palipotakiwa kuwa sebule ya mtu. Kunda alikuwa hawezi kuvumilia kuliangalia jengo lile. Akasema tukikopa tukaezeka, tukatia milango na umeme, vyumba vyenyewe vitalipa mkopo, na sisi hatutatoa hata senti mfukoni. Alinieleza hivyo mara nyingi, chumbani kwetu, tukila ugali na dagaa, hata nikaanza kuona kama vyumba vile ni watu wazima watatu wanne wanaokwenda kazini kila asubuhi kwa ajili yetu. Ilikuwa hesabu nzuri. Mpaka sasa sioni kosa lake kwenye karatasi.

Afisa mikopo alikuwa kijana wa Rombo, mpole, mwenye sauti ya mtu wa kwaya. Alituuliza tuna nini cha kuweka. Kunda akataja kihamba cha Masama, shamba la ukoo lenye migomba na kahawa, alilorithi kwa kuwa yeye ndiye kitinda mimba, na huku kwetu kitinda mimba ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi. "Kuna makaburi?" kijana akauliza. Kunda akasema yapo juu, karibu na nyumba, baba yake na babu yake. "Basi huko juu hatugusi," akasema. "Penye kaburi hatupati mnunuzi. Nani anunue shamba akaishi na marehemu wa watu?" Alicheka kidogo, nasi tukacheka kwa adabu. Wakakubaliana kipande cha chini, kuanzia nyuma ya zizi mpaka kwenye mfereji, nusu nzima yenye migomba mizuri. Ilipofika zamu yangu ya kutia saini kwamba mke ameridhia, nikauliza, "Na mama je?" Kunda akanikanyaga mguu chini ya meza. Kisheria mama hakuwa na mahali pa kutia saini. Yeye ndiye aliyekuwa akiishi pale, akiipalilia na kuiwekea samadi, lakini karatasi haikumjua. Nikatia saini. Kalamu ilikuwa imefungwa kwa kamba kwenye meza, na nakumbuka nilifikiri kwamba hawa watu hawatuamini hata na kalamu.

Siku ya kupima mimi na Kunda tulipanda na wanaume wawili wa benki. Kunda alimwambia mama yake kwamba ni wataalamu wa udongo wa kahawa. Mama akawasalimia, akarudi kwa ng'ombe wake. Walivuta kamba yao katikati ya migomba, na walipotaka alama mmoja akasema, "Tafuta vijiti vyovyote." Kunda akachukua panga, akaenda kwenye ukingo wa shamba, akakata masale. Masale ni ule mmea mwembamba wa majani marefu ambao huku mlimani ndio ukuta na ndio hati. Ukioteshwa kati ya mashamba mawili, maneno yameisha. Mtu wa huku Machame ukimwambia akuletee kitu cha kuonyesha mpaka, mkono wake wenyewe unakwenda kwenye masale bila kumwuliza, na ndivyo ulivyokwenda mkono wa Kunda. Akavichomeka vijiti kwa mstari kutoka upande mmoja wa kihamba hadi mwingine, wakaandika vipimo vyao, tukaondoka. Alichosahau, yeye aliyezaliwa katikati ya mimea ile, ni kwamba kijiti cha masale hakifi. Kikishaonja udongo wenye unyevu, kinaota.

Vyumba viliisha, viwili tukahamia sisi wenyewe, vingine vikajaa. Wapangaji walilipa kodi ya miezi sita mkupuo, kama ilivyo desturi ya mji, na siku ile fedha zilipokuwa mezani kwetu tulijiona matajiri. Nilipika pilau. Kunda alizitazama zile fedha akasema haiwezekani zikae tu, akaita mafundi, akachimba msingi wa safu ya pili. Nilifurahi pamoja naye, sitasema uongo. Hakuna kati yetu aliyekaa chini akajiambia kwamba kodi inakuja mara mbili kwa mwaka na deni linakuja kila mwezi. Rejesho la kwanza tulilipa kwa mshahara wa Kunda, la pili kwa posho zake, na la tatu kwa nguo nilizoshona za harusi ya watu. Kisha zikaja mvua za masika, watalii wakakatika, na kampuni ya Kunda ikawaambia madereva wakae nyumbani mpaka msimu ufunguke. Msingi wa safu ya pili ukajaa maji. Vyura waliingia humo, na jioni walikuwa wanapiga kelele hata hatusikii redio. Tulikuwa tumelala juu ya kodi ya miezi sita iliyogeuka kuwa dimbwi.

Nilianza kuogopa vitu vidogo. Simu ya Kunda ikilia nilitazama uso wake kabla ya kusikia sauti yake. Nikaogopa pikipiki ikisimama nje. Nikaogopa mpangaji akinisalimia kwa uchangamfu kupita kawaida, kwa sababu mara nyingi mwenye kuhama husalimia hivyo. Kunda aliacha kupokea simu za benki, baadaye akawa anazima simu kabisa ukikaribia mwisho wa mwezi, na nilipomwuliza alinijibu, "Nikipokea nitawaambia nini?" Tulikosa rejesho moja, tukakosa la pili. Siku moja nikiwa nimeinama kuchota maji nilisikia wapangaji wawili wanaongea ukutani, mmoja akamwambia mwenzake kwamba nyumba hii asilipe kodi ndefu, huenda ikapigwa mnada. Sijui walijuaje. Nilikuwa na mimba kubwa ya Godlisten, na tumbo lilipokuwa linakaza nilishindwa kujua ni mtoto au ni deni.

Alizaliwa wakati wa baridi, na kwa desturi yetu mzazi hulelewa na mama mkwe, kwa hiyo nikapandishwa Masama na blanketi mbili na kichanga. Nilipewa chumba cha pembeni, kilichopakana na jiko, na moshi ulikuwa unapenya kwenye upenyo wa mbao ukanukia vizuri pamoja na harufu ya ng'ombe. Sijawahi kutunzwa vile maishani. Asubuhi mtori wa ndizi na nyama uliopondwa mpaka ukalainika, adhuhuri supu ya mifupa, jioni maziwa ya mgando kwenye kibuyu na ndizi za kuchoma. Mama mkwe, mwanamke mfupi mwenye mikono mipana, aliingia na bakuli, akakaa kwenye kigoda, akanitazama mpaka nimalize. "Kula, Mama Godi," alikuwa akisema. "Mtoto anakula kwako." Kila kijiko nilijua kimetoka wapi. Ndizi zilikuwa za kule chini, migomba ile ile niliyoiwekea saini, na yeye alishuka kila siku kuikata na kunipandishia mgongoni. Nilimeza huku nikitazama chini. Akanambia mzazi mwenye mawazo hukausha maziwa, na akaniuliza kama Kunda ananipiga. Nilisema hapana, mama, Kunda ni mtu mzuri.

Jirani yake mmoja alikuwa akija jikoni karibu kila siku kuazima moto na kuacha habari. Mimi ni wa Old Moshi, na Kichagga chetu na cha Machame ni ndugu wasioelewana vizuri, kwa hiyo yale mazungumzo ya ukutani niliyapata vipande vipande tu. Mwezi wangu wa kwanza pale yalikuwa ya ng'ombe na ya nani anaumwa. Baadaye nikaanza kusikia neno moja likirudi, isale, isale, masale, na kila likitajwa sauti zao zilishuka. Halafu nikasikia jina la Kunda. Nilikaa kitandani nimembana mtoto kifuani, nimeacha kupumua ili nisikie vizuri, na kadiri nilivyosikia ndivyo nilivyoelewa kidogo. Mtu anayesikia lugha nusu ana taabu, kwa sababu ile nusu nyingine hujazwa na hofu yake mwenyewe.

Kunda alipopanda Jumapili baada ya ibada, alishuka chini kutazama shamba, akarudi amebadilika rangi. Akafunga mlango wa chumba changu. "Yameota," akaninong'oneza. "Mstari wote. Yana majani." Nilimwambia akayang'oe kabla mama hajaona. Akaniangalia kama nimemtukana. Kung'oa masale yaliyosimama ni jambo ambalo huku mtu halifanyi, hata kwenye shamba lake mwenyewe, hata akiwa ameyachomeka kwa bahati mbaya. Na zaidi ya hilo, ramani ya benki ilifuata vijiti vile. "Krismasi kaka zangu watakuja," akasema. "Wataona mpaka katikati ya shamba la baba. Niwaambie nini?" Kule mjini nusu ya wapangaji walikuwa wanafunzi, chuo kilikuwa kimefungwa, wameondoka, na kodi ya miezi sita tuliyokuwa tunaisubiri kama mvua ilikuja vipande. Aliniachia kilo ya nyama, akaondoka bila kumaliza chai yake.

Walikuja asubuhi ya ukungu. Nilisikia gari likizimwa barabarani, kisha viatu, kisha hodi. "Shikamoo, mama." Niliijua sauti ile ya kwaya kabla sijachungulia kwenye upenyo wa mlango. Afisa mikopo alikuwa na mwanamume mnene ambaye hakusalimia vizuri kwa sababu macho yake yalikuwa yanazunguka kwenye migomba, kama mtu anayetazama ng'ombe mnadani. Nikakaa sakafuni nyuma ya mlango, nikampa mtoto ziwa asije akalia. Mama aliwakaribisha barazani, akawaletea chai ya maziwa na ndizi za kuchemsha, na kwa kuwa yule kijana alikuwa wa Rombo waliongea Kiswahili, kwa hiyo safari hii hapakuwa na nusu ya kujaza.

"Kundaeli yupo?" afisa akauliza.

"Yuko mjini. Mkewe yuko ndani, ni mzazi, hatoki."

"Hongereni sana. Sisi tulipita tu kusalimia, mama."

"Ahsanteni. Watu wa mjini mmekuwa na heshima siku hizi. Mlima wote huu kwa ajili ya salamu."

Yule mnene alicheka, akaona anacheka peke yake, akanyamaza. Nilisikia vijiko kwenye vikombe. Nilimwomba Mungu wanywe chai yao waende, wasiseme, na nilikuwa naona kabisa kwamba kijana yule naye alikuwa anatafuta namna ya kutosema. Mtoto akaacha kunyonya, akanitazama. Ndipo mama akasema, kwa sauti ile ile ya kukaribisha ndizi, "Mkimaliza chai nitawapeleka mkaone masale yenu."

"Masale yetu, mama?"

"Si nyinyi mliopima? Yameota. Moja lilikauka, nikachomeka jingine pale pale. Nimeyapalilia pia. Nisije nikaambiwa nimehamisha mpaka wa benki."

Kikombe kikawekwa chini polepole. "Mama, ulikuwa unajua?"

"Mtu wa udongo huchimba, mwanangu. Nyinyi mlivuta kamba tu." Akawaongezea chai. "Nimeuliza serikali ya kijiji waliogonga muhuri. Waliona aibu, lakini walisema. Sasa mimi nataka nijue kitu kimoja. Mtakuja kukichukua kabla ya Krismasi au baada?"

Afisa akasema hawajafika huko, wamekuja kuangalia tu. Akasema, "Mwambie Kundaeli aje ofisini, mama. Aje mwenyewe, asitume mtu, na asinizimie simu. Anayezima simu ndiye tunayemwogopa sisi." Wakashuka naye chini. Walipopita karibu na dirisha langu nilimsikia mama akimwuliza kwa nini walichagua kule chini wakaacha huku juu penye nyumba na barabara. "Huku juu kuna makaburi, mama. Penye kaburi hatugusi." Mama akasema, "Ahaa." Nyayo zao zikapotea kwenye migomba.

Alirudi na bakuli la mtori kama siku zote, akakaa kwenye kigoda. "Umesikia," akasema. Nilianza kulia na kutaka kueleza. "Kula kwanza," akasema. "Hayo si mambo ya kuongea na tumbo tupu." Nilikula huku machozi yanaingia kwenye bakuli, naye akanitazama mpaka nikamaliza, kisha akalichukua bakuli akalishika mapajani. Akanambia aliogopa tangu siku ile alipoona jani la kwanza. Alikuwa anashuka kila asubuhi kutazama kama mtu amekuja kusimama upande wa pili. "Nilikuwa nawasubiri mniambie," akasema. "Halafu nikaona nyinyi mnaogopa kunishinda, nikawaonea huruma. Lakini mimi nimeingia hapa binti. Zaidi ya hospitali sijalala kwingine." Miezi yote ile nilidhani hofu iko upande wangu wa ukuta peke yake.

Kunda alipopata habari alipanda siku hiyo hiyo. Aliingia amelifunga fundo jani la isale, kama anavyofanya mtu wa huku aliyekosa kiasi ambacho maneno hayatoshi, akapiga magoti mbele ya mama yake na kulitoa kwa mikono miwili. Anayeletewa isale hawezi kukataa kusamehe. Mama akalipokea, akaligeuza geuza. "Umelikata wapi hili?" Kunda akasema, "Kule chini." Mama akamtazama. "Hata jani la kuniombea radhi umelikata kwenye deni," akasema, akaanza kucheka, na sisi tukacheka naye, kicheko kibaya cha watu walioshikwa, mpaka mtoto akaamka.

Hakukuwa na muujiza. Kunda alikwenda benki mwenyewe, na tangu siku hiyo simu yake haikuzimwa tena. Marejesho yakapangwa upya, madogo kwa muda mrefu zaidi, na riba nayo ikarefuka, hilo tulilikubali kwa uchungu. Mimi nilikuwa na muda mwingi wa kulala na kufikiri, na kila asubuhi nilimsikia mama akipima maziwa ya kuuza. Maziwa yalinunua chumvi, mafuta na sabuni, siku kwa siku. Fedha ya kahawa ilikuja mara moja, naye hakuigusa kwa chumvi hata siku moja. Sisi tulikuwa na deni la kila mwezi tukaliwekea fedha ya mkupuo, kama ya kahawa, tena hiyo kahawa tukaila kabla. Nikamwambia Kunda tuwaombe wapangaji walipe mwezi kwa mwezi, rejesho litoke kabla hatujanunua hata mkate, na kinachobaki kiwekwe kwa ajili ya vyumba vitakavyokaa vitupu, maana vitakaa. Tulipangisha hata vyumba viwili tulivyokuwa tunaishi wenyewe. Kunda akahamia stoo na mifuko mitupu ya saruji, mimi nikaleta cherehani Masama nikashonea barazani, na msingi wa safu ya pili tukaachia vyura.

Ila hofu haikuondoka kwa sababu ya kupanga vizuri. Krismasi ilikuja, kaka zake Kunda wakapanda kutoka Dar es Salaam na familia zao, ua ukajaa magari, mbuzi akachinjwa, mbege, pombe yetu ya ndizi, ikatolewa. Nilikuwa nikikata nyama ya kupikia ndizi za machalari nilipomwona kaka mkubwa akishuka kutembelea shamba la baba yake, mikono mgongoni. Kunda alikuwa ameshika kata ya mbege, haikufika mdomoni. Kaka alikaa kule muda, akarudi, akasimama katikati ya ua. "Mama," akasema, "nani ameweka mpaka kule chini?"

"Mimi," mama akasema bila kuinua macho kwenye sufuria.

"Wa nini?"

"Nina haja nao."

Aliyeuliza alikuwa mtoto wake, na mwenye sauti ile alikuwa mama yake, kwa hiyo yakaishia hapo. Akapewa mbege. Mimi nilikwenda nyuma ya zizi nikahesabu miezi iliyobaki ya deni.

Deni lilikwisha Godlisten akiwa ameanza shule. Siku karatasi za benki ziliporudi, Kunda alipanda na panga, akamwomba mama ruhusa ya kuuondoa mstari ule sasa, kwa kuwa haukuwa mpaka wa mtu tena. Mama akamwambia auache. "Deni limekwisha, mama," Kunda akasema. "Lenu limekwisha," akajibu. "Mimi nilisema nina haja nao." Tulidhani ni ukaidi wa uzee. Tukajenga safu ya pili taratibu, kwa kodi ya safu ya kwanza, bila kukopa, na masale yakaendelea kukua katikati ya kihamba yakigawa kitu ambacho hakikuwa kimegawanywa.

Masika ya mwaka huu, alipokuwa hawezi tena kushika kijiko, nilimlisha mtori katika chumba kile kile cha pembeni. Siku moja akaufumba mdomo, akanambia, "Mimi sitalala juu." Sikuelewa. "Mtaniweka chini ya masale, katikati." Nikamwambia baba yuko juu, mama, atakuwa peke yake. "Baba yenu yuko na babu," akasema. "Kule chini hakuna mtu." Kisha akafungua mdomo kwa kijiko kingine.

Basi siku ile ya msiba, nilipokuwa bado natafuta kisu changu kwenye beseni la ndizi, vijana wa kijiji wakaingia uani na majembe na kumwuliza Kunda wachimbe wapi, kwa mzee? Kunda aligeukia dirisha la jiko, akanitazama. Nilinawa mikono, utomvu haukutoka, nikatangulia. Tulipita nyuma ya zizi, tukapenya mstari wa masale ambayo sasa yananipita kimo, nikasimama katikati ya migomba nikaonyesha kwa mguu. Godlisten alikuwa ametufuata na viatu vyake vya mjini.

"Mama, hapa?" akasema. "Si kule juu kwa babu? Mama, hapa wakichimba, benki hawata..."

"Najua," nikamwambia. "Bibi yako naye alijua. Alichagua mwenyewe."

Aliangalia mstari wa masale kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha akamwangalia baba yake, na baba yake akaangalia chini. Wale vijana walisimama wakisubiri. Sijui mwanangu aliona nini usoni kwa Kunda, lakini hakuuliza tena. Alivua koti, akampa baba yake alishike, akapokea jembe.